Mtoto Amepona, Mama Bado Hajalala

Mwanamke huyo alitoka Kitahana, wilayani Kibondo, naye alikuwa amefika kituoni mara ya tatu katika mwezi mmoja. Malalamiko yake yalikuwa yale yale: kichwa kumgonga, moyo kwenda mbio, viungo kulegea, chakula kukosa ladha. Mara mbili za kwanza nilimpima malaria, jambo ambalo mtumishi wa afya wa mkoa wa Kigoma hulifanya kabla hata mgonjwa hajaketi vizuri, na mara zote mbili hakuonekana na vimelea. Nilimwandikia dawa ya maumivu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nimwandikie dawa hiyo hiyo, ndipo mkunga wetu mzee, aliyekuwa akipanga kadi kwenye meza ya pili, akamgeukia.

“Mwanangu, usiku huwa unaamka mara ngapi?”

“Siamki, sista. Silali.”

“Unafanya nini basi?”

“Namsikiliza mtoto kama anapumua.”

Mtoto mwenyewe tulikuwa tukimwona dirishani. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi kadhaa, akimfukuza kuku wa mlinzi kuuzunguka mwembe. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29, akiwa na gramu 1,150, na kadi yake ya kliniki ilieleza habari zake vizuri kabisa: uzito wa kila hudhurio, chanjo zote, vitamini A, dawa ya minyoo. Habari za mama zilikoma siku ya 42 baada ya kujifungua. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeandika lolote kumhusu, na yeye alikuwa amekuja kliniki kila mwezi akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Kosa la kumwandikia dawa ya kichwa mara mbili ni langu, na sidhani kama nimelifanya peke yangu.

Tuliyemfundisha kukesha

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto amezaliwa kabla ya wakati iwapo wiki 37 za ujauzito hazijatimia. Waliozaliwa kati ya wiki 28 na kabla ya 32 huwekwa katika kundi la waliozaliwa mapema sana, na walio chini ya wiki 28 ni kundi la mapema kupita kiasi. Sisi Watanzania tunawajumlisha wote kwa jina la watoto njiti, jina ambalo wazazi wengine wamelizoea na wengine huwachoma wanapokumbuka kuwa asili yake ni kijiti cha kiberiti. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani kote, na matatizo yatokanayo na hali hiyo ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano.

Makala haya yanamhusu mama wa mtoto aliyezaliwa mapema sana akanusurika. Ili tumwelewe inatupasa kurudi katika wiki za kwanza, ndani ya wodi.

Ubongo wa mtoto wa wiki 29 haujakomaa kiasi cha kuamuru pumzi wakati wote. Mtoto hupumua vizuri, kisha hunyamaza kwa sekunde 20 au zaidi. Midomo hubadilika rangi na mapigo ya moyo hushuka. Katika wodi zenye mashine ya kufuatilia mapigo kwa kila kitanda, kengele hulia na muuguzi hukimbia. Katika wodi nyingi za kwetu kengele hiyo ni mama mwenyewe. Tunamketisha, tunamfunga mtoto kifuani pake ngozi kwa ngozi, kisha tunamwambia: mtazame kifua, akinyamaza msugue unyayo au mgongo, asipoanza kupumua, piga kelele tuje. Usiku muuguzi anaweza kuwa mmoja kwa watoto wengi, kwa hiyo maneno hayo tunayasema kwa mkazo, na mama huyashika kama mtu aliyekabidhiwa roho ya mwanawe, maana ndivyo ilivyo.

Mafunzo hayo yameokoa watoto wengi, nami sina nia ya kuyabeza. Lakini tuutazame mwili wa yule anayefundishwa. Kila mara kifua kile kidogo kinaponyamaza, ubongo wa mama huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kortisoli. Moyo hukimbia, masikio huwa makali, usingizi hukatika. Mtoto akianza tena kupumua, homoni hizo hushuka, lakini hazijashuka zikatulia kabla ya tukio jingine. Zoezi hilo likirudiwa usiku na mchana kwa wiki sita au nane, mwili hujifunza kubaki macho hata pasipo sababu. Mama hurudi nyumbani na masikio yale yale. Sauti ya mlango, ukimya wa ghafla, kikohozi cha mtoto wa jirani, vyote humrudisha wodini.

Kupumua kwa kusitasita kwa mtoto njiti huisha, kwa kawaida, anapofikia umri ambao ungekuwa wiki 36 au 37 za mimba. Kwa waliozaliwa chini ya wiki 28 hali hiyo huweza kuchelewa hadi wiki 40 na zaidi kidogo. Hilo sisi tunalijua, na ni mojawapo ya sababu zinazotufanya tumruhusu mtoto kwenda nyumbani. Mama wa Kitahana hakuambiwa. Aliambiwa kwamba mtoto amefikisha uzito, aendelee kumnyonyesha na kumbeba kifuani, arudi baada ya wiki moja. Amri ya kukesha aliyopewa wodini haikutenguliwa na mtu yeyote, akaitii kwa zaidi ya miaka mitatu.

Yaliyoonekana kwingine

Kwamba hofu ya namna hii hudumu si jambo la Kibondo peke yake. Mwaka 1999 Lynn Singer na wenzake wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia akina mama kwa miaka mitatu. Kundi moja lilikuwa la mama ambao watoto wao walizaliwa na uzito mdogo sana wakabaki na ugonjwa sugu wa mapafu. La pili, mama wa watoto wa uzito mdogo sana wasio na ugonjwa huo. La tatu, mama waliojifungua miezi ikiwa imetimia. Mwanzoni makundi yote mawili ya mama wa njiti yalikuwa na dhiki ya nafsi kuliko lile la tatu. Kufikia mwaka wa tatu, wale ambao watoto wao hawakuwa na madhara makubwa walikuwa wamelingana na mama wengine kwa dalili za dhiki, lakini wenye watoto wa mapafu mabovu walikuwa bado wameelemewa na mzigo wa malezi. Huko Melbourne, Australia, watoto waliozaliwa kabla ya wiki 30 walifuatiliwa hadi walipofikisha miaka 7, na wazazi wao walionekana kuwa na wasiwasi mwingi kuliko wazazi wa watoto waliotimiza miezi.

Nayachukua matokeo hayo kwa pande mbili. Upande mmoja yanafariji: mama wengi hutulia kadiri miaka inavyokwenda, na mtumishi wa afya hana sababu ya kumtazama kila mama wa njiti kama mgonjwa wa akili. Upande wa pili yanatuonesha mahali pa kutazama. Pale ambapo mtoto amebaki na mtindio wa ubongo, kifafa, macho yaliyoharibika au kifua kinachobana kila msimu wa baridi, mzigo wa mama haupungui kwa sababu ya kupita kwa wakati, na pengine huzidi mtoto anapokuwa mzito asibebeke mgongoni.

Wapo wenzetu wanaodhani kuwa sonona ya uzazi ni ugonjwa wa Ulaya, wa watu wenye nafasi ya kuyauguza mawazo. Historia inawakanusha. Kipimo kinachotumika zaidi duniani, chenye maswali 10 na kinachoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, kilichapishwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake. Cox huyo, kabla ya kufanya kazi Uskoti, alikuwa Makerere katika miaka ya 1970 akiwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua nchini Uganda, na sonona aliikuta huko. Waganda nao walikuwa na jina lao la kale, amakiro, kwa maradhi ya akili yanayompata mzazi.

Lugha ndiyo inayotupotosha. Mgonjwa wetu haji akasema ana sonona. Husema ana mawazo, au kichwa, au moyo unamwenda mbio, au mwili umemwisha nguvu. Naye akishasema kichwa, sisi tunashika kalamu.

Nyumbani, juu ya vilima

Nyanda za Kibondo na Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, na mtoto asiye na mafuta chini ya ngozi hupoteza joto upesi. Mama anayemlaza mtoto kifuani hulala nusu ameketi, ameegemea ukuta au mto uliojazwa nguo, kwa wiki kadhaa. Wakati huo shamba halimsubiri. Mvua zikianza kunyesha Oktoba, maharage na mahindi huhitaji mikono, na mikono yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Mama aliyekaa wodini miezi miwili hurudi akute wenzake wamekwisha kupanda, watoto wake wakubwa wamegawanywa kwa shangazi na bibi, na deni la nauli na chakula cha hospitali linamngoja. Hayo hayana jina la kitabibu, lakini yanapojumlishwa na usiku wa kukesha huwa sehemu ya ugonjwa.

Kisha yapo maneno. Ataulizwa alibeba nini kizito, aligombana na nani, kwa nini mtoto hakumsubiri. Mama mkwe mwenye hekima hunyamazisha maneno hayo mlangoni. Asiye na hekima huyaanzisha. Mwanamke mmoja alinieleza kwamba kwa miezi yote ya mwanzo hapakuwa na mtu kijijini aliyemwita kwa jina la mtoto wake, kama mama wengine wanavyoitwa, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja kuona kama mtoto ataishi. “Walikuwa wananipa pole,” alisema, “hakuna aliyenipa hongera.”

Hapa mtumishi wa afya ana uwezo ambao jirani hana. Sababu za kujifungua mapema sana zinajulikana kwa sehemu: malaria katika ujauzito, ambayo mkoani Kigoma ni tishio la kweli, maambukizi ya njia ya mkojo na ya kizazi, shinikizo la damu la ujauzito, mimba ya mapacha, mimba kufuatana kwa karibu mno. Na mara nyingi sababu haionekani kabisa, hata katika hospitali kubwa. Maneno haya, akiyasikia mama kwa kinywa cha daktari au mkunga mbele ya mumewe na mama mkwe, humwondolea lawama kwa namna ambayo ushauri wa faragha hauwezi. Ni dakika tano. Nimeona mume akiinamisha kichwa baada ya kuzisikia, akaanza kumbeba mtoto yeye.

Baba naye tusimsahau, ingawa makala haya si yake. Kifua cha mwanamume kina joto sawa na la mwanamke, na ngozi yake hufaa kumtunzia mtoto vilevile.

Jambo jingine dogo ambalo hutesa sana ni kulinganisha. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja na wako anatembea, wako bado anajikokota. Mtoto wa wiki 29 alizaliwa wiki 11 kabla ya tarehe yake. Siku anapotimiza miezi 12 kwa kalenda, ubongo na misuli yake ni ya mtoto wa miezi tisa na nusu hivi, na hivyo ndivyo apimwe hadi afikishe miaka miwili. Hesabu hii ya umri uliorekebishwa ni rahisi, inafaa kuandikwa kwa kalamu juu ya kadi, na bado nimekutana na mama waliokuwa wamekwisha kuamini kuwa watoto wao ni walemavu kwa sababu hakuna aliyewatolea zile wiki 11.

Katika eneo hili kumekuwa pia, kwa miaka mingi, na mama wenye mzigo wa ziada: wakimbizi wa Kongo walioishi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu tangu 1996, na Warundi wa kambi ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015. Kwa mama aliyekimbia vita, wodi ya njiti si mara yake ya kwanza kukesha akisikiliza. Kiwewe cha kale na hiki kipya hukutana usiku mmoja, na mtumishi anayemuuliza habari za mtoto peke yake hataujua ule wa kwanza.

Kinachosaidia

Huduma ya mama kangaruu ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Edgar Rey Sanabria alipowakabidhi mama watoto wao wadogo kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa tiba ya maskini. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali za nchi tano, mojawapo ikiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walipungukiwa na vifo kwa robo: asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28, wakati kwa waliotunzwa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 15.7. Ili jambo hilo liwezekane, vitanda vya mama ilibidi viingizwe ndani ya wodi ya watoto wachanga. Mwaka uliofuata Shirika hilo lilitoa mapendekezo mapya kuhusu njiti, na ndani yake limo jambo ambalo halijazoeleka katika miongozo ya dawa na mashine: familia ipewe msaada wa ziada, itembelewe nyumbani, na sheria za likizo zizingatie hali yake.

Ngozi kwa ngozi humsaidia mama pia. Mtoto akiwa kifuani, oksitosini hupanda, maziwa hushuka kwa urahisi, na tafiti kadhaa, ikiwamo ya jimbo la Haryana nchini India, zimeonesha dalili za sonona zikipungua kwa mama waliosaidiwa kuendelea na huduma hiyo nyumbani. Nasisitiza neno kusaidiwa. Mama anayeachwa peke yake amembeba mtoto saa 20, bila mtu wa kumpokea akaoge, hapati tiba. Anapata kazi nyingine.

Mkoa wa Kigoma una mfano wake katika jambo hili la kusaidiwa. Kati ya 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai, likishirikiana na serikali ya mkoa, liliendesha mpango wa kumruhusu mwanamke kuwa na msindikizaji amtakaye wakati wa uchungu na kujifungua katika vituo vya umma. Wengi wetu tulizoea kuwaacha ndugu nje ya geti. Mpango ukaonesha kuwa jambo hilo linawezekana katika vituo vile vile, na wanawake walioshindikizwa waliridhika zaidi na huduma. Uchungu huchukua saa kadhaa. Wodi ya njiti huchukua wiki. Sioni kwa nini msindikizaji aliyekubaliwa kwa saa 12 akataliwe kwa siku 50, wakati huko ndiko anakohitajika zaidi.

Kuhusu sheria, hatua zimepigwa. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, imekuwa ikidai kwa miaka mama hawa waongezewe likizo. Katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2024 jijini Arusha, Makamu wa Rais Philip Mpango alitangaza kuwa muda wa uangalizi maalumu wa mtoto njiti usihesabiwe ndani ya likizo ya uzazi ya mtumishi wa umma, na marekebisho ya sheria za kazi yakafuata. Mwalimu wa shule ya msingi Kasulu atanufaika. Mkulima wa Kitahana hana mwajiri wa kumwomba likizo. Likizo yake ni dada au wifi atakayemlimia, na hilo halitoki serikalini.

Kwa huyo mkulima tegemeo la karibu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mpango wake jumuishi ulizinduliwa na serikali mwaka 2024. Akifika nyumbani kumtazama njiti, na atazame pia nani amelala na nani hajalala.

Namna ya kuuliza

Kwa wenzangu wa kliniki. Hamhitaji fomu mpya ili kuanza. Mtoto akiwa kwenye mizani, mama anakuwa na mikono mitupu kwa nusu dakika. Hapo ndipo nimezoea kuuliza. Siulizi kama ana msongo wa mawazo, kwa sababu atasema hana. Nauliza: “Usiku unalala vipi, mtoto akiwa amelala?” Sehemu ya mwisho ndiyo yenye maana. Kila mama wa mtoto mdogo huamshwa. Tunayemtafuta ni yule asiyeweza kulala hata mtoto akiwa salama. Nikiona anasita, nauliza kama bado kuna kitu kinachomfurahisha, na kama siku za wodini humrudia bila kuzitaka. Majibu yakiwa mabaya kwa wiki mbili au zaidi, nakaa naye chini, foleni isubiri.

Swali moja huogopwa na wengi: kama amewahi kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, asirudi nyumbani peke yake, ndugu aitwe, na apelekwe siku hiyo hiyo kwa daktari au kwenye huduma ya afya ya akili ya wilaya au mkoa. Sonona inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, na pale inapobidi kwa dawa. Sertralini, kwa mfano, huweza kutumiwa na mama anayenyonyesha. Asiachishwe mtoto kunyonya kwa hofu ya dawa kabla ya kumuuliza anayejua.

Na siku ya kumruhusu mtoto kutoka wodini, itengueni ile amri kwa maneno yanayosikika. Mimi husema hivi: “Mama, tulikuomba umlinde pumzi yake kwa sababu ubongo wake ulikuwa haujakomaa. Sasa umekomaa. Kazi hiyo umeimaliza. Kuanzia leo ukimlaza chali, mahali pake pa joto, nawe ulale.” Kisha nataja yale ambayo bado yanahitaji macho: kushindwa kunyonya, homa au mwili kuwa wa baridi, kupumua kwa kasi au kifua kubonyea, degedege, kulegea. Mama apewe orodha fupi ya mambo ya kuhofia, ili mengine yote ayaachilie. Kwa mtoto aliyetoka na matatizo ya mapafu maneno hayo hubadilika, na lazima yabadilike kwa ukweli. Kumtuliza mama kwa uongo kutamfanya asituamini tena.

Na wewe mama unayeyasoma haya ukiwa na mtoto aliyezaliwa mapema, awe wa miezi miwili au wa miaka mitano: kumbukumbu ya wodi inayokurudia haina maana kwamba u dhaifu au umerukwa na akili. Ulipewa kazi ngumu ukaifanya. Ikiwa mtoto amepona nawe bado huwezi kulala, mwambie mkunga kwa maneno hayo hayo, usimwambie kichwa. Mtafute mama mwingine aliyepita njia hiyo. Katika kila kata yupo, na mkunga humfahamu. Na usiku wa leo mwombe mtu mmoja unayemwamini alale na mtoto, wewe ulale chumba kingine hadi alfajiri. Mara ya kwanza utaamka mara kumi. Rudia.

Hayo ya mwisho si yangu. Ni ya mkunga yule mzee. Siku ile alimwita mtoto aache kuku, akamkalisha mapajani mwa mama yake, akaweka mkono wa mama juu ya kifua cha mtoto na kumwacha aupumzishe hapo kwa kitambo. Akamweleza habari za wiki 37, kwamba hatari ile ilikuwa imepita kabla mtoto hajajua hata kucheka. Mama alilia, mtoto akashangaa. Kisha wakapanga: mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, atalala na mtoto usiku mmoja katika wiki, halafu mbili. Aliporudi baada ya wiki tatu tulimuuliza hali. Kichwa kilikuwa bado kinamuuma siku nyingine, na tukampangia kuonana na daktari wa wilaya kwa ajili ya mazungumzo. Lakini alikuwa na habari.

“Juzi niliamka jua limeshatoka,” alisema. “Nikaogopa, nikakimbilia kwa mdogo wangu, kitandani simwoni. Alikuwa jikoni, anakula kiporo.”